Kamba ya Mbuzi: Mhadhara wa Epulu juu ya Sumu za Uani



Nimeombwa niseme juu ya vitu vya bustani vinavyoua wanyama wa nyumbani. Ulaya mtu akisikia neno bustani anafikiria maua na majani yaliyokatwa sawasawa. Bustani yetu ni uani: migomba kadhaa, mparachichi mmoja, mihogo nyuma ya jiko, na siku hizi kakao iliyoanikwa kwenye turubai kando ya barabara ya taifa namba 4, lori zikipita na kuimwagia vumbi. Wanyama wetu hawana chumba chao. Mbuzi amefungwa kwenye kigingi, kuku wanachakura jalalani, mbwa anazurura na kengele yake ya mti shingoni hadi siku ya kwenda kutega nyavu. Basi niseme juu ya uani huo.

Lakini nitaanza na mnyama asiye wa nyumbani, na hapa Epulu, katika msitu wa Ituri, Kongo, mnajua ni yupi. Stesheni hii imejuana na okapi tangu mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilipoweka hapa kituo cha kuwakamata. Hifadhi ya Wanyama ya Okapi ilianzishwa mwaka 1992. Mwaka 1996 UNESCO ikaiandika kuwa Urithi wa Dunia, na mwaka uliofuata tu ikaihamishia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Shambulio la tarehe 24 Juni 2012 sina haja ya kulisimulia mbele ya watu walioliona kwa macho. Okapi 14 wa stesheni walikufa kutokana na shambulio lile, na watu pia waliuawa.

Wapo hapa wazee waliofanya kazi ya kuwachumia okapi wale majani. Watawaambia kwamba huwezi kumletea okapi mzigo wa jani moja ukadhani umemaliza kazi. Okapi anakula majani ya aina zaidi ya 100, na baadhi yake binadamu akiyala yatamdhuru. Anang'ata hapa kidogo, anasogea, anang'ata pale. Anakwenda kijitoni kulamba udongo mwekundu apate chumvi na madini. Ameonekana pia akila mkaa wa miti iliyounguzwa na radi.

Habari ya mkaa isiwashangaze. Kule Zanzibar, pembeni mwa msitu wa Jozani, wanaishi kima punju. Wale walio karibu na mashamba hula majani ya mwembe na ya mkungu, majani yenye protini nyingi lakini pia yenye kemikali zinazosumbua tumbo. Watafiti, akiwemo Thomas Struhsaker, walieleza mwaka 1997 kwamba kima hao huchukua mkaa kwenye matanuri ya wachoma makaa na kuutafuna. Mkaa unazishika kemikali zile, jani linabaki chakula. Watoto wao hujifunza kwa kuwatazama mama zao.

Sasa mtazameni mbuzi wa uani. Ana ulimi wa kuonja na pua ya kunusa kama okapi, na akiwa huru machakani huwa mchaguzi kweli. Ila sisi tumemfunga kamba ya mita tatu. Ndani ya duara hilo nyasi zimekwisha tangu juzi. Kilichobaki ni maganda ya muhogo aliyoyamwaga mama asubuhi, au tawi la parachichi lililoanguka na upepo. Mimi, kwa miaka ninayotibu mifugo, nimefikia kuamini kwamba wanyama wengi wanaokufa kwa mimea uani hawafi kwa ujinga wao. Wanakufa kwa sababu tumewanyima nafasi ya kuchagua, kisha tukawatupia chakula kimoja.

Nikae kwanza kwenye muhogo, kwa kuwa ndio unaoua zaidi.

Muhogo una kemikali iitwayo linamarini. Ndani ya jani zima, au ndani ya ganda zima, imetulia. Jirani yake, nyuma ya ukuta mwembamba, kuna kimeng'enya ambacho kikikutana nayo huivunja na kutoa sianidi. Ukuta ukivunjika, viwili hivyo vinakutana. Mama anapotwanga sombe, yaani majani ya muhogo, kinuni anavunja kuta hizo kwa makusudi: sianidi inaruka hewani, na kilichobaki kinafukuzwa na moto wa sufuria. Meno ya mbuzi yanafanya kazi ileile ya kinu, ila sianidi yote inaishia tumboni. Tena tumbo la mbuzi, ng'ombe na kondoo limejaa vijidudu vinavyomeng'enya majani, na vijidudu hivyo vinaharakisha kazi ya kuitoa sumu. Nguruwe, mwenye tumbo la asidi, huvumilia zaidi kidogo.

Hesabu yake si ngumu. Muhogo mchungu ni ule wenye zaidi ya miligramu 100 za sianidi katika kilo moja ya mzizi mbichi. Ganda lina nyingi kuliko nyama yake, na majani mabichi yanaweza kufika miligramu 500 au kuzidi. Mnyama anayecheua anauawa na takribani miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake, akizipata kwa mkupuo. Mbuzi wa kilo 20, basi, anahitaji miligramu 40. Zinapatikana katika gramu 80 za majani ya kiwango hicho, yaani konzi mbili tatu. Akizila polepole kutwa nzima, ini lake linaweza kuzigeuza na kuzitoa kwenye mkojo. Akizila kwa pupa asubuhi, njaa ikimuuma, ini halina muda.

Dalili mtazijua. Pumzi zinakwenda mbio, mate yanamtoka, anayumba, anaanguka, anapiga mateke. Fizi zake ni nyekundu kuliko kawaida. Sianidi haizuii hewa kuingia kwenye damu, inazuia mwili kuitumia hewa hiyo, kwa hiyo damu inarudi moyoni bado nyekundu. Yote yanaweza kuisha kabla maji ya chai hayajachemka.

Hapo ndipo maneno huanza. Mbuzi alikuwa mzima saa moja, saa mbili amekufa. Nani alipita hapa? Jirani mliyegombana naye juu ya mpaka anatajwa. Nimeona ndugu wawili wakiacha kusalimiana kwa sababu ya beberu mmoja, na maganda ya muhogo yalikuwa bado mdomoni mwake. Nikiitwa kwenye msiba wa namna hiyo sitaki kusikia kwanza habari za jirani. Naomba kufungua tumbo.

Ndugu zetu Wazande, huko kaskazini, walikuwa na njia yao ya kuuliza. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937, ameeleza jinsi walivyosafiri hadi ng'ambo ya mto Bomokandi, huku Kongo, kuchimba mmea wa benge. Unga wake walimlisha kifaranga wa kuku huku wakiuliza swali: fulani ameroga au hakuroga? Kuku alikufa au alipona, na hilo lilikuwa jibu. Sikuja kubishana na mababu. Nawaomba tu mtazame upande wa kuku. Sumu ileile, mtu yuleyule anayelisha, kuku mmoja anakufa na mwenzake anaondoka anachakura. Uzito wa kuku, kilichokuwa tumboni mwake, unga ulikuwa mwingi au mdogo, wa zamani au mpya: hayo yote yanaamua. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mbuzi wangu anakula maganda kila siku na hajafa," anasema kweli. Hajathibitisha lolote kuhusu mbuzi wako.

Na binadamu hayuko nje ya habari hii. Daktari Giovanni Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya ugonjwa wa Kwango, magharibi mwa nchi yetu, unaopooza miguu ghafla na usirudi nyuma. Konzo, ndivyo unavyoitwa hadi leo. Unawapata watu wanaokula muhogo mchungu ulioloweshwa haraka-haraka, wiki baada ya wiki, bila maharage wala samaki wala nyama ya kuusaidia mwili kuigeuza sianidi. Kinachoua mbuzi kwa saa moja kinaweza kumlemaza mtoto kwa mwezi mmoja wa njaa.

Dawa ya kuaminika ipo, ni sindano za mishipani ambazo hapa hazipo mfukoni mwa mtu. Kwa hiyo kazi yetu ni kabla. Maganda yasimwagwe mabichi mbele ya mbuzi. Yakatwekatwe membamba, yaanikwe juani siku kadhaa mpaka yavunjike kwa kidole, au yaloweshwe kisha yaanikwe. Mbuzi aanze siku kwa nyasi, maganda yaje baadaye na yawe kidogo. Na kigingi kihamishwe! Ni kazi ya mtoto wa miaka saba, inachukua muda mfupi kuliko kufukuza kuku jikoni.

Sasa kakao, na hapa nazungumza na wenye mbwa.

Miaka hii kila mtu kati ya Mambasa na Beni anapanda kakao. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, na hakuna hotuba ya mhifadhi iliyoweza kushindana na namba hiyo. Hifadhi inalia kwa sababu msitu unakatwa. Hilo lina watu wake wa kulisema. Mimi nasema juu ya turubai.

Punje ya kakao ina theobromini, binamu wa ile kemikali ya kwenye kahawa inayotukesha. Mwili wa mtu unaiondoa upesi zaidi. Mbwa anachelewa: baada ya saa kama 17 nusu ya aliyomeza bado iko kwenye damu yake. Akila leo jioni na kesho asubuhi, ya kesho inaikuta ya leo. Anaanza kuugua kwenye miligramu 20 hivi kwa kilo: anatapika, anaharisha, anahema, hatulii. Kwenye 60 anapata degedege. Kabla ya hapo moyo umeshaanza kwenda ovyo, na juu ya hapo unaweza kusimama.

Chukueni mbwa wa kuwinda wa kilo 10. Punje moja kavu ina uzito wa kama gramu moja, na theobromini yake ni miligramu 10 hivi, mara nyingi zaidi. Punje 20 zinatosha kumfanya augue. Punje 60 zinatosha kumtupa chini, na tunda moja la kakao lina punje 30 hadi 40. Mbwa hataki punje kavu, mtasema, ni chungu. Kweli. Lakini zikiwa kwenye sanduku la kuchachushia, zimefunikwa majani ya mgomba, zimezungukwa na ute mweupe mtamu, mbwa mwenye njaa hachagui. Anameza ute pamoja na punje. Nimemfungua mmoja aliyekufa hivyo. Tumbo lilikuwa limejaa punje nzimanzima, baadhi bado na ute, na harufu yake ilikuwa ya pombe changa.

Kwa maganda ya nje, yale makubwa ya njano tunayoyatupa chini ya mti, theobromini ni kidogo, na mbuzi au nguruwe akila machache yaliyokauka hafi. Yasigeuzwe tu kuwa chakula cha kila siku. Umoja wa Ulaya umeweka mpaka kisheria: theobromini isizidi miligramu 300 katika kilo ya chakula cha mifugo, na kwa nguruwe isizidi 200. Wenzetu hawakuandika sheria hiyo kwa kupenda karatasi.

Ganda jembamba linalobanduka kwenye punje iliyokaangwa ndilo lenye nguvu. Huko Ulaya na Marekani viwanda vya chokoleti huliuza kwa magunia, watu wakalitandaza chini ya maua ili kuzuia magugu na kutunza unyevu. Linanukia chokoleti, na mbwa wa nyumbani huja kulila. Miongoni mwa mbwa hao wapo wa aina ya basenji, ukoo wa mbwa wa msitu wetu, walioonyeshwa London kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1937 na tangu hapo wakazaliana huko. Kwa hiyo mbwa wa Kongo anaweza kufa Chicago kwa ganda la zao linaloota Mambasa. Mnaruhusiwa kucheka.

Sanduku la kuchachushia liwe na kifuniko cha mbao chenye jiwe juu yake. Jani la mgomba halimzuii mbwa.

Mparachichi nitaupitia upesi. Majani yake, na gome pia, yana persini. Mbuzi anayenyonyesha akiyala, kiwele kinavimba na maziwa yanakatika. Akila mengi moyo unadhoofika.  Ila ndege wanakufa hata kwa nyama ya tunda, nyama ileile tunayoipaka kwenye mkate. Wenye kasuku nyumbani wananielewa. Najua pia kwamba kasuku wa kijivu yuko kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa dunia juu ya biashara ya viumbe wa porini, tangu mkutano wa mwaka 2016, na walinzi wa hifadhi wako humu ndani, basi sitauliza nani anaye.

Mbono unaoota wenyewe jalalani, ule wenye miiba laini kwenye tunda, mbegu zake ni hatari kwa kila mnyama akizitafuna, na mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta ni hatari zaidi kwa sababu mbwa anayapenda. Ung'oeni palipo na watoto na kuku. Mahindi na karanga zilizoota ukungu msimpe bata. Mwaka 1960 Uingereza ilipoteza bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na ndipo wanasayansi walipoijua aflatoksini.

Nimemaliza na mimea. Yanayokuja sasa yanatoka dukani.

Dawa ya shaba, ile ya buluu tunayopulizia kakao kuzuia matunda kuoza na kuwa meusi, inamwua kondoo kuliko mnyama mwingine yeyote wa hapa. Kondoo haitoi shaba vizuri. Anaiweka kwenye ini wiki baada ya wiki, akionekana mzima na mnono. Siku moja, labda baada ya safari au mvua ya mawe, ini linaiachia yote: macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa mweusi, anakufa kwa siku mbili. Mwenye kondoo anasema hajapulizia dawa tangu mwezi uliopita, na hadanganyi. Kondoo wasichunge chini ya kakao iliyopuliziwa.

Sumu ya panya iko hasa ya namna mbili, na ni lazima mzitofautishe. Moja ni unga mweusi au wa kijivu unaonuka kama kitunguu saumu: ni fosfidi ya zinki. Ikikutana na asidi ya tumbo inatoa gesi inayoua kwa saa chache, na gesi hiyo inamdhuru hata anayemfungua mnyama aliyekufa. Nyingine ni vidonge au ngano iliyotiwa rangi, na hiyo inazuia damu kuganda. Mbwa anaila Jumatatu, anacheza Jumanne, na Ijumaa anatoka damu puani. Kwa hiyo ya pili kuna dawa, vitamini K, ileile wanayochomwa watoto wachanga, na ukiwahi, anapona. Shida yetu ni kwamba sokoni zote zinapimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kipande cha nailoni. Muuzaji hajui jina lake, mnunuzi hajui, na mimi nikiletewa mbwa nabaki kunusa. Kama huna budi kununua, nunua kilicho na karatasi ya kiwandani, na karatasi hiyo uitunze.

Mwisho, mawese.

Mnyama akila sumu, nyumba nyingi kati yetu zitamshika kwa nguvu na kummiminia mawese au maziwa kooni. Nawaomba mwache. Sumu nyingine huyeyuka kwenye mafuta, nayo mafuta yanazisaidia kuingia mwilini upesi zaidi. Na mnyama anayetetemeka au aliyelegea hamezi vizuri; mafuta yanaingia mapafuni, akipona sumu anakufa kwa homa ya mapafu. Mkaa uliosagwa laini sana ukakorogwa kwenye maji, apewe mbwa aliye na fahamu zake na anayeweza kumeza, unaweza kusaidia kidogo, ingawa si sawa na ule wa hospitali. Mwondoe kwenye chanzo, mweke kivulini, piga simu, na beba kilichobaki cha alichokula: jani, punje, kifuko. Kinanisaidia kuliko maelezo marefu.

Akifa, asiliwe. Najua bei ya nyama Epulu na najua uchungu wa kumfukia mbuzi wa kilo 20. Lakini sumu ya panya na dawa za wadudu hazitoki kwa kuchemsha, na utumbo uliotupwa utaliwa na mbwa wa pili, na kunguru. Kenya waliliona hilo: dawa ya wadudu ya karbofurani, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashamba, iliwekwa kwenye mizoga ili kuua simba, na tai wakafa kwa makundi hadi kampuni iliyoitengeneza ikaiondoa kwenye soko la nchi hiyo mwaka 2009. Sisi hatujafika huko, na tusifike. Mnyama aliyekufa kwa sumu msimtupe mto Epulu, maana chini yake kuna watu wanaochota. Mchimbieni shimo la mita moja au zaidi, mbali na kisima, mumfukie na kila alichotapika.